Mvua Iliyodhaniwa Punje

Montréal, 18 Novemba 2018

Mjomba Donat,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkazamjomba Colombe limepunguza maudhi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema kaka yake hajamwandikia tangu Pasaka, na kama umesahau anwani ya dada yako, yeye hajasahau jinsi ya kukufinya sikio. Mimi nimehamia ghorofa ya tatu, karibu na kazini. Ngazi ziko nje, za chuma, kama zote za mtaa huu. Nikiteleza Januari utasikia kishindo. Samahani, hutasikia. Utasoma.

Mkazamjomba aliniambia kwenye simu kwamba masikio yamezidi kufunga, na kwamba ukiambiwa ununue simu ya kuandikiana unageuza kiti kuelekea ukutani. Ndiyo maana nimetafuta stempu.

Nina ombi, lakini kwanza nikueleze kazi yangu, maana huwa unauliza nami najibu ovyo. Theluji ikianguka, mara nyingine hupita juu kwenye tabaka la hewa yenye joto. Ikiyeyuka yote, inafika chini ikiwa maji, na maji hayo yanaganda palepale yanapogusa kitu cha baridi: tawi, waya, ngazi, barabara. Ikiyeyuka nusu, ule moyo wa barafu uliobaki ndani huigandisha tena kabla haijafika chini, ikaanguka punje ngumu zinazodunda, ukazifagia, ukaendelea na kazi zako. Kati ya hiyo mvua na hizo punje kuna tofauti ya digrii moja tu huko juu. Sasa kompyuta yetu ya utabiri tangu zamani imezipanga chembe za barafu kwenye masanduku: hii theluji, hii punje, hii mvua. Chembe iliyoyeyuka nusu haina sanduku. Mimi na wenzangu tunajaribu kuifundisha kompyuta kuifuata chembe moja kutoka juu mpaka chini, ikijua kila hatua ina maji kiasi gani na barafu kiasi gani.

Ninachokosa ni mtu aliye chini, anayeona kinachoanguka na kuandika saa. Vyombo vya viwanja vya ndege vinadanganyika. Wewe umepima theluji ya Sainte-Odile miaka thelathini na moja bila kulipwa. Nakuomba msimu huu, kikianguka chochote kisicho theluji, uandike ni nini na kimeanza saa ngapi.

Mpwa wako,
Maryse


Sainte-Odile, 9 Desemba 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Colombe linauma likitaka. Jirani yetu Gaétan amenunua trekta nyekundu na sasa hata kwenda kanisani anataka aende nayo. Tumechinja nguruwe. Kuni za kuchemshia utomvu wa miti uwe shira zimepangwa, za misimu miwili. Mwambie mama yako nitamwandikia nikipata la maana la kumwambia. Miaka sabini sijalipata.

Barua yako nimeisoma mara mbili na Colombe ameisoma mara moja akaielewa, kwa hiyo yeye ndiye amenieleza. Anasema, "Mtoto anataka kujua kama ni punje au ni mvua, basi." Nikamwambia, kwani amesoma miaka yote hiyo ili aje kuuliza hilo? Akasema, "Na wewe unaweza kumjibu?"

Hapo akanishika. Ukweli ni huu, Maryse. Punje hujulikana kwa sauti. Zikigonga bati la kibanda cha kuchemshia ni kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Mvua ya kuganda haisemi kitu. Mimi naweza kutandika kitambaa cheusi nje, nikatazama kwa lenzi, lakini sauti siisikii tena. Msumeno wa injini umekula masikio yangu tangu ujana. Kwa hiyo tumeelewana hivi: mimi nitaandika ninachoona, Colombe ataandika anachosikia, kwenye daftari moja. Mwandiko mzuri ni wake.

Mjomba wako,
Donat


Sainte-Odile, 3 Februari 2019

Mpwa wangu,

Hujajibu barua ya Desemba lakini nakuandikia tena, maana nina swali la kitaalamu. Ile barafu yako imepotea njia?

Jumamosi ile ulipompigia simu Colombe na kumwambia msitoke kesho, itanyesha mvua ya kuganda, tulitii. Jumapili mjukuu wa dada yake amebatizwa kule Thetford bila sisi. Colombe alikuwa amefuma blanketi. Tulikaa dirishani tumevaa nguo za kanisani, tukaitazama theluji laini ikianguka kama unga, na mchana jua likatoka. Gaétan alipita na trekta yake nyekundu, akasimama, akamwambia Colombe, "Mjomba mtu amefungiwa ndani na mpwa wake?" Kijiji kizima kinacheka. Sasa mtu akichelewa misa, anasema amezuiwa na utabiri wa Maryse.

Colombe ananikanyaga mguu nisiandike haya. Anasema blanketi litamfaa mtoto hata akibatizwa mara moja tu. Hajakasirika. Mimi pia sijakasirika, nakutania tu. Mjomba asipomtania mpwa wake amtanie nani.

Tunaanza kugema mwanzoni mwa Machi.

Donat


Montréal, 17 Februari 2019

Mjomba,

Shikamoo. Mama alikuwa na mafua, sasa amepona. Natumaini nyote wazima.

Utani nimeupokea. Sikujibu Desemba kwa sababu ya kazi, na Februari nimechelewa kwa sababu ya aibu. Nilichowaambia siku ile hakikuwa utabiri wa ofisi. Kilikuwa cha toleo letu la majaribio la ile kompyuta, ambalo bado halijapitishwa, na kanuni inasema matokeo yake hayatoki nje ya chumba. Niliyatoa kwa sababu ni ninyi. Ilikuwa mara ya pili mwezi ule kuona mvua pasipo na mvua. Mkuu wetu, Normand, alipojua nilipiga simu nyumbani alinifungia mlango tukazungumza, na hakupiga kelele, jambo ambalo kwake ni baya zaidi.

Mwombe mkazamjomba radhi kwa ajili ya ubatizo. Sitapiga tena simu ya namna ile mpaka kitu kiwe kimethibitishwa. Sikilizeni redio, kama watu wote.

Daftari tafadhali endeleeni nalo.

Maryse


Montréal, 14 Aprili 2019

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anaendelea kulia akidhani simsikii. Nimempeleka kwa daktari, amempa dawa ya usingizi. Anasema utakapotaka kuja kukaa naye chumba kipo.

Nimeianza barua hii mara nyingi tangu misa ya mkazamjomba. Naomba unisamehe kwa kuondoka siku ileile. Ulisimama mlangoni pa kanisa ukipeana mikono na kila mtu, nami nilipokushika mkono ulinitazama kama unayesubiri niseme jambo. Nikasema pole. Halafu nikaingia garini.

Mpaka leo siamini kwamba tarehe 12 Machi mkazamjomba alitoka nyumbani kwenda msituni kufunga pampu ya utomvu, na tawi likamwangukia, na kwamba alikuwa amekwisha fariki Gaétan alipofika. Goti lile, theluji ile. Kwa nini aende yeye? Siulizi kukulaumu. Naandika tu kinachozunguka kichwani.

Ardhi iliyoganda ikilainika na siku ya kumzika ikipangwa, nijulishe. Nitakuja.

Maryse


Sainte-Odile, 20 Mei 2019

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumemzika tarehe 11. Sikukujulisha. Tulikuwa mimi, dada zake, padri na Gaétan. Kulikuwa na inzi wadogo weusi tayari.

Miti nimeihesabu. Ilikuwa elfu moja na mia mbili ya kugemwa. Iliyosimama ikiwa na kichwa ni mia tatu na kitu. Mingine ni vigingi. Mti wa kugema unachukua miaka arobaini kuukuza na mimi nina sabini na tatu, kwa hiyo hesabu ni nyepesi.

Mwambie mama yako asante kwa chumba. Nina kuku.

Donat


Montréal, 2 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kuku wanataga, na kwamba unakula kitu zaidi ya mayai. Mama ametengeneza achari ya nyanya, nitaituma na Gaétan akija mjini.

Pole kwa miti. Sikujua ni mingi kiasi hicho.

Naona vigumu kuomba hili, lakini nisipoomba sasa sitaomba. Dhoruba ya tarehe 12 Machi imekuwa ndiyo tunayoichunguza ofisini kuliko zote. Utabiri uliotangazwa ulisema theluji ingegeuka punje mpaka jioni. Vyombo vya karibu viliganda, havikuandika kitu. Hakuna anayejua punje ziligeuka mvua saa ngapi. Kama siku ile daftari liliandikwa, hata mistari miwili, ningeomba unakili yaliyomo unitumie.

Kama haliwezekani, nitaelewa.

Maryse


Montréal, 28 Julai 2019

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, na Gaétan anasema u mzima, unakata matawi tangu asubuhi mpaka jioni na hutaki msaada. Mama ameacha kulia. Sasa ananyamaza, nami nilikipenda zaidi kile kilio.

Barua ya Juni niliiandika kama mtu wa ofisi kwa sababu niliogopa kuiandika kama mpwa wako. Leo nakuambia kilichonizuia kusema mlangoni pa kanisa.

Tarehe 12 Machi saa mbili na nusu asubuhi niliona. Toleo letu la majaribio lilionyesha mvua ya kuganda kutoka mtoni mpaka mpakani, na Sainte-Odile ikiwa katikati, saa nyingi mfululizo. Utabiri wa ofisi ulikuwa unasema punje. Nilimfuata Normand nikamwonyesha. Akasema, "Hicho kitoto chako wiki iliyopita kiliigandisha Gaspé nzima. Gaspé kulikuwa na jua, paka walilala barazani." Nikamwambia safari hii naona ni tofauti. Akaniuliza, "Tofauti kwa kipimo gani?" Sikuwa na kipimo. Nilikuwa na hisia tu. Akasema, na wala hakusema kwa ubaya, "Maryse, tukitangaza kila hisia, ile ya kweli hakuna atakayeisikia." Alikuwa sahihi. Nimejaribu miezi minne kumwona amekosea na sijaweza.

Nikarudi kwenye meza yangu. Nikashika simu. Namba ya mkazamjomba ninaijua kwa moyo, nilibofya tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Nikakumbuka ubatizo, blanketi, Gaétan na trekta lake. Nikafikiri, Mjomba amefungua mashimo ya kugemea wiki hii, nikimpotezea siku nzuri kwa bure hatanisamehe mpaka nife. Nikaiweka simu chini. Nikaenda kwenye mkutano.

Niliona, nikanyamaza. Sikuandikii ili unisamehe. Nimeshindwa tu kuendelea kukuuliza kuhusu daftari na huku nimelificha hili.

Maryse


Sainte-Odile, 22 Septemba 2019

Mpwa wangu Maryse,

Marahaba. Mimi mzima. Kuku wawili wamechukuliwa na mbweha. Gaétan amevunja kidole cha mguu, trekta nyekundu imemkanyaga bwana wake. Dada zake Colombe wamekuja kuchukua nguo. Nimewaachia wachague, mimi nikakaa nje.

Barua yako ilifika siku ya pili ya Agosti. Niliiweka juu ya jiko na nimekuwa nikiipita.

Colombe hakwenda kufunga pampu. Pampu ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Hayo niliyasema mimi kwa polisi, yakaandikwa, nikamwambia padri, nikamwambia mama yako, na sasa kijiji kizima kinajua hivyo.

Asubuhi ile alisikiliza redio akanieleza kwa mkono, akigongagonga meza kwa kucha: punje. Mimi nikasema punje hazimzuii mgema. Mipira ya kupitishia utomvu upande wa kaskazini ilikuwa inavuja, kindi walikuwa wameitafuna. Akasema, "Vaa sikio lako." Nikamwambia unyevu utaliharibu. Akakiokota kile kifaa cha kusikilizia mezani, akanishikia mbele ya uso, akasema polepole ili nimsome mdomo, "Donat, vaa." Nikakichukua, nikakirudisha mezani. Nikatoka.

Ilipofika saa saba mchana nilijua ni mvua. Kofia ya koti ilikuwa imevaa barafu, inavunjika kila nikigeuza shingo. Mipira iling'aa. Maryse, miaka thelathini na moja nimeandika mambo ya mbinguni kwenye daftari, siwezi kuidhania mvua punje. Lakini redio ilikuwa imesema punje, nikasema basi itageuka, ngoja nimalize. Niliamini iliyosemwa kuliko niliyoiona.

Saa tisa na kitu nilimwona Colombe ukingoni mwa msitu, juu ya kilima. Ananipungia mikono yote miwili. Nikadhani chakula kimeiva. Nikamwonyesha vidole viwili, yaani imebaki mistari miwili ya mipira. Akaweka mikono mdomoni, anaita. Anamwita nani, kiziwi. Halafu akaanza kushuka. Hakuwa amevaa viatu vya theluji, alikuwa anazama mpaka mapajani, na lile goti. Niliona yote hayo. Nikasema moyoni, mwanamke huyu hana subira, nikamgeuzia mgongo nikakaza mpira.

Gaétan anasema yeye ng'ambo ya barabara alisikia msitu ukipasuka kama bunduki tangu saa tisa kasoro. Mimi sikusikia kitu. Nilipogeuka tena, kilima kilikuwa kitupu. Nikadhani amerudi nyumbani kukasirika. Nikamaliza mistari miwili.

Sasa unajua. Mama yako usimwambie, au mwambie, sijui lililo jema.

Kuhusu lako. Ungepiga simu, angepokea yeye, angeniambia. Mimi ningesema, barafu ya Maryse imepotea njia tena, na ningekwenda. Ninajijua. Kicheko kile cha Februari nilikianzisha mimi. Labda nisingekwenda, labda angenishika mkono na mimi ningekaa. Hilo siwezi kukuondolea, Maryse, kama wewe usivyoweza kuniondolea langu. Nimejaribu kuandika maneno ya kukuondolea na nimeyachana.

Ukurasa nimeukata kwenye daftari, ni huu. Sikunakili. Mwandiko ni wake.

Donat

12 Machi.
Saa 4.30 theluji.
Saa 5.30 punje, zinagonga kwa nguvu.
Saa 6.20 hazigongi tena.
Saa 6.40 mvua. Chuma cha ngazi kimevaa kioo.
Saa 8.10 kioo unene wa kidole kidogo. D. bado yuko chini.
Saa 9.00 matawi. Nakwenda kumwita.


Montréal, 3 Novemba 2019

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru u mzima. Mama nimemwambia. Akasema, "Hata utotoni alikuwa akiitwa haji." Halafu akasema nikupe salamu, na kwamba anakupenda. Hilo la mwisho sijawahi kumsikia akilisema kuhusu mtu aliye hai.

Ukurasa nimeuweka ndani ya karatasi ya nailoni. Nimeusoma ofisini mara moja tu, ilinitosha.

Nikuambie ulichotusaidia. Ule utabiri uliotangazwa ulikaa kwenye punje mpaka jioni, hilo tulilijua. Toleo langu, lile nililonyamazia, lilileta mvua saa saba na nusu, yaani lilichelewa karibu saa nzima. Tulipoona saa zake mkazamjomba tukatambua kosa: tulikuwa tunauacha moyo wa barafu ndani ya chembe ndogo udumu mno. Chembe kubwa na ndogo tuliziyeyusha kwa mwendo mmoja, na ndogo huisha mapema. Tumerekebisha. Sasa kompyuta inaleta mvua saa sita na dakika thelathini na tano. Kati yake na yeye ni dakika tano. Nilikaa mbele ya ile namba na wenzangu wakanipiga begani, mmoja akaenda kununua keki. Nilikwenda chooni nikafungua bomba maji yatiririke.

Nisikufiche: kwenye dhoruba nyingine mbili za zamani marekebisho hayohayo yameharibu, yamefanya mvua pale palipoanguka punje za kweli. Normand amesema, "Tumeziba tundu moja, mawili yanavuja." Hata hivyo kwa jumla ni bora, na limepitishwa. Linaanza kutumika Desemba. Jina la Colombe Beauchesne, mpimaji, limo kwenye ripoti. Sikukuuliza kwanza. Nisamehe kama hukutaka.

Watu hapa wanaongea kana kwamba jambo limekwisha. Kompyuta hii inaigawa nchi katika miraba ya kilomita mbili na nusu. Inaweza kusema nini kitaanguka juu ya kijiji kizima. Tawi haioni. Mtu aliye kilimani anayeita haimwoni. Naijua kazi yangu na mpaka wake, na usiku huwa siujali mpaka huo, nauliza kwa nini.

Mimi na Mama tunataka kuja Jumamosi tarehe 21 Desemba, tukae mpaka mwaka mpya. Usipike.

Maryse


Sainte-Odile, 30 Desemba 2019

Mpwa wangu Maryse,

Marahaba, wewe na mama yako. Mwambie pai ya nyama nilipika mwenyewe. Ukoko ulikuwa mgumu, Gaétan aliula kwa adabu. Jina kwenye ripoti ni sawa.

Mlifanya vizuri kutokuja. Gaétan aliandika kwenye ubao wa kadibodi yaliyosemwa redioni, akaja kunionyesha dirishani tangu Ijumaa: mvua ya kuganda, Jumamosi saa nane mchana, milimita thelathini, watu wasitoke, barabara zitafungwa. Nikamwekea dole gumba. Jumamosi nilikaa mezani nikitazama nje. Saa nane na robo ikaanza. Haikuwa theluji, haikuwa punje. Ilikuwa kama mlivyosema, na pale mlipopasema.

Sikutoka. Nilikaa siku nzima na ya pili yake. Miti ile mia tatu niliiona ikiinama kwanza, halafu vichwa vikaanza kushuka, kimoja huku kimoja kule, na mimi nimekaa. Hakuna cha kufanya ukishajua. Huwezi kuushikilia mti. Nilikuwa nimedhani kujua kutanipa kitu mkononi.

Umeme ulikatika, ukarudi siku ya tano. Imebaki miti sitini, labda sabini. Sitagema mwaka huu.

Siku ya Noeli Gaétan alikuja kwa miguu, na fimbo yake, akakaa jikoni na koti lake. Akachukua kalamu akaandika kwenye pambizo ya gazeti, "Safari hii wamepatia." Nikasoma. Nikamwambia ndiyo, wamepatia. Akatikisa kichwa. Nikaongeza kuni, tukakaa mpaka kukawa giza.

Donat